Sahani Nane Mpya



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake, nawaomba radhi wasomaji wa ukurasa huu kwa kunikosa wiki nne zilizopita. Nilikuwa safarini, mimi na mama watoto, katika mji wa Savannah, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Tangu nirudi, wengi wameniuliza msikitini na njiani, "Sheikh, umetuletea habari gani?" Nimeleta habari ya mlo mmoja. Si habari ya kujisifia. Ni habari ya kosa nililolifanya mezani mbele ya wakwe zangu, na namna Mwenyezi Mungu alivyonitoa humo kwa mkono wa bibi mzee asiyekuwa wa dini yangu. Naiandika kwa sababu nyumba nyingi za pwani yetu zina mwana au binti ng'ambo, na lililonipata mimi laweza kumpata yeyote.

Mwanangu wa pili ni fundi wa kreni za bandarini. Kazi aliianzia hapa Kilindini, kisha riziki ikamvusha bahari hadi Savannah, mji ambao bandari yake ya makontena ni miongoni mwa zilizo kubwa Marekani. Huko, miaka mitano iliyopita, alioa. Kabla ya nikahi alinipigia simu, akaniomba radhi na dua. Mimi nilikuwa nimekwisha kumnenea binti wa ndugu yangu, bila ya yeye mwenyewe kuulizwa. Moyo ukaniingia kinyongo, na badala ya dua nikampa kimya. Msomaji anajua, na mimi nilijua zaidi, kwamba nikahi ya mwanamume haisimami juu ya idhini ya babake. Sharia ilikuwa upande wake. Upande wangu palikuwa na hasira tu, nami nikaivisha hasira hiyo kanzu na kilemba nikaiita msimamo.

Mkaza mwanangu ni Mmarekani mweusi. Alisilimu alipokuwa mwanafunzi, miaka kadhaa kabla ya kumjua mwanangu. Mama yake na bibi yake ni Wakristo, watu wa kanisa la Baptist. Mwezi wa Mei mwaka huu alihitimu masomo ya uuguzi, ambayo aliyasoma usiku huku mchana akilea mtoto. Bibi yake ndiye aliyetaka pawe na karamu, na ndiye aliyesema kwamba haitakuwa karamu ikiwa wazee wa upande wa mume hawapo. Tiketi zetu walichangiana wao. Nilipositasita, mama watoto aliniambia maneno machache: "Maalim, mimi nakwenda kumwona mjukuu wangu. Wewe ukitaka, baki." Nikaenda.

Tulipitia Doha, tukashuka Atlanta, kisha mwendo wa gari wa takriban saa nne hadi Savannah. Ni mji wa kale kwa hesabu ya Marekani. Uliasisiwa mwaka 1733, nao una viwanja vingi vya miti katikati ya nyumba. Miti yao mikubwa huning'inia majani ya kijivu mithili ya ndevu za wazee. Joto lake na unyevu wake si mgeni kwa mtu wa Mombasa. Siku tatu za mwanzo nilikaa nyumbani kwa mwanangu. Mjukuu wangu, mwenye miaka mitatu, alinizoea siku ya kwanza. Mkaza mwana aliniamkia kila asubuhi kwa "Shikamoo, Baba", nami nikaitika "Marahaba" na kurudi kwenye kitabu changu. Sikumzidishia neno. Kumbukeni jambo hilo, kwa kuwa ndilo lililozaa yaliyofuata.

Siku ya nne ndiyo ilikuwa ya karamu. Tulikwenda saa kumi na moja jioni, na jua lilikuwa bado juu, kwani Magharibi huko mwezi wa Mei huingia baada ya saa mbili za usiku. Mkahawa wenyewe uko ndani ya mtaa wa makazi, mbali na waendako watalii. Zamani ulikuwa kituo cha petroli. Pampu moja kuukuu ingali imesimama mlangoni, imepakwa rangi nyekundu, na juu yake pamepandwa maua. Ndani, ukuta mmoja umejaa saa za kila aina, yapata ishirini, na hakuna mbili zinazokubaliana. Nilimwuliza mwenye mkahawa, mama wa makamo mwenye kicheko kikubwa, ipi iliyo sahihi. Akanijibu kwamba hapo mtu hula aonapo njaa, saa za nini?

Ukuta wa pili ulinishangaza zaidi. Umepigiliwa misumari mingi, na kila msumari umetundikwa sahani kwa waya. Hakuna sahani inayofanana na nyenziwe. Hizo ni sahani za watu wa mtaa ule. Kila mmoja ameleta ya kwake kutoka nyumbani, jina lake limeandikwa kwa nyuma, na akija hula kwa hiyo hiyo. Mwenye kufariki, sahani yake haishushwi. Niliiona moja ya buluu imefungwa utepe mweusi, nikajua.

Orodha ya vyakula haikuchapishwa. Imeandikwa kwa chaki kwenye ubao kama ule wa madrasa, nyama upande mmoja, mboga upande wa pili, na mteja huchagua nyama moja na mboga tatu. Miongoni mwa mboga niliona makaroni ya jibini. Nilidhani mwandishi amekosea, lakini mwanangu akanieleza kwamba kusini kote makaroni huhesabiwa kuwa mboga na hakuna anayebisha. Vileo hawauzi. Hilo mwanangu alikuwa ameliuliza mapema.

Tulikuwa watu wanane: mimi na mama watoto, mwanangu na mkewe na mtoto wao, mama wa mkaza mwana, mjomba wake aliye dereva wa basi, na bibi yake, mwenye miaka sabini na minane. Huyu nilimwita Bi Mkubwa tangu tulipoamkiana, na mwanangu alipomfasiria jina hilo alilipenda. Yeye naye alikuwa akiniita "Mchungaji", kwa kuwa kwao mwenye kusomesha dini huitwa hivyo, nami nikaona hapana haja ya kumsahihisha. Kwanza ikaletwa chai katika bilauri kubwa zilizojaa barafu, tamu kama sharubati. Mama watoto aliionja, akaniinamia, akaninong'oneza, "Hii imepoa tangu lini?"

Kisha mabakuli yakaanza kufika. Yaliwekwa katikati ya meza, na kila mtu akampitishia mwenziwe, jambo lililonikumbusha sinia la nyumbani. Nikastaajabu kuona kwamba vingi navijua. Majani yao ni ndugu wa sukuma wiki yetu. Kunde zao ni kunde zetu, zimechanganywa na wali, na chakula hicho hukila siku ya mwaka mpya kwa kutafuta heri. Palikuwa na bamia, viazi vitamu, wali mwekundu wa nyanya, mkate wa unga wa mahindi, samaki aina ya kambare waliopakwa unga wakakaangwa, na kamba waliomwagwa juu ya uji mzito wa mahindi, ambao lau ungesongwa kidogo ungekuwa ugali.

Lakini nilikuwa na jambo moyoni. Kijana mmoja aliyetupokea uwanjani Atlanta alikuwa amenitahadharisha kwamba watu wa kusini aghalabu hawapiki majani bila ya kipande cha nguruwe, na kwamba hata kunde na mkate wa mahindi huenda vikatiwa mafuta yake. Sisi wafuasi wa Imam Shafii tunajua uzito wa jambo hilo. Si chakula peke yake. Hata chombo kilichoguswa na nguruwe kina hukumu yake, kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Shaka yangu, basi, ilikuwa na msingi. Lakini nilikuwa nimekaa nayo siku tatu katika nyumba ya mtu ambaye angeiondoa kwa neno moja, na sikumwuliza, kwa kuwa sikutaka kuzungumza naye.

Bakuli la majani liliponifikia, nililisukuma mbele kwa vidole viwili, nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ile ninayoitumia mimbarini: "Humu mna nguruwe?"

Meza nzima ikanyamaza. Watu wa meza za jirani wakageuka. Mjomba aliweka uma wake chini. Mama yake mkaza mwana alimtazama bintiye, na bintiye akainamisha kichwa, naye siku hiyo amevaa nguo aliyoishonesha kwa ajili ya mahafali. Mwanangu alitamka neno moja tu, "Baba." Sijapata kulisikia neno hilo likiwa zito kiasi kile.

Bi Mkubwa akashika mkongojo wake, akainuka, akaenda jikoni. Nilidhani ameondoka kwa hasira. Punde akarudi, nyuma yake yuko mwenye mkahawa amebeba sufuria, wakaiweka mezani mbele yangu. Akasema nami polepole, mwanangu akifasiri ili mama yake asikie.

"Mchungaji, sufuria hii nimeinunua Jumatatu. Majani haya, kunde hizi na kila kilichoko mezani nimekipika mwenyewe tangu asubuhi, kwa mafuta ya mimea, katika vyombo vipya. Mjukuu wangu aliniandikia karatasi ya vitu msivyokula wiki tatu kabla hamjapanda ndege. Mwenye mkahawa ameniachia meko yake mawili kutwa nzima. Nimepika katika nyumba za watu miaka thelathini na miwili. Najua kumwuliza mtu asichokula kabla sijamwita mezani."

Kisha akaichukua sahani yangu, iliyokuwa tupu, akaigeuza. Nyuma yake palikuwa na karatasi ya bei, haijabanduliwa.

"Na sahani pia ni mpya, zote nane. Mjukuu wangu aliniambia kwamba chombo nacho kwenu kina hukumu yake."

Akairudisha mahali pake, akaketi. Hakuongeza neno la kunitahayarisha, na kwa sababu hiyo nilitahayari zaidi. Wahenga wetu walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikaa nikiitazama ile sahani. Hukumu ya vyombo nimeisomesha miaka thelathini. Mwanangu aliipokea kwangu akiwa mtoto, akamfikishia mkewe, na mkewe akamfikishia bibi yake Mkristo. Bibi akaenda dukani kwa mkongojo akaitekeleza. Katika silsila yote hiyo, mtu aliyeifanya hukumu ile kuwa kitu cha kumfedhehesha mwenziwe ni mimi mwalimu.

Nikasimama. Nilimwambia Bi Mkubwa kwamba nimekosa, na kwamba aliyenifanyia ukarimu wa namna ile hakustahili sauti yangu. Kisha nikamgeukia mkaza mwanangu, nikamwambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, nisamehe kwa leo, na unisamehe kwa miaka mitano." Sikujua kama ameelewa. Alifuta macho, akalivuta lile bakuli la majani, akanipakulia, akanijibu kwa Kiswahili cha kujifunza, neno baada ya neno: "Kula, Baba. Chakula kitapoa."

Nikapiga bismillahi, nikala. Majani niliyarudia mara mbili.

Sasa nisimulie lililofuata, kwa kuwa kosa langu lilitaka kutunyima. Wali ulipozunguka mara ya pili, mama watoto, ambaye wakati wote ule alikuwa kimya, alimwomba mwanangu amwulize Bi Mkubwa kama kwao huuloweka mchele na kuutwanga, kama sisi tufanyavyo kwa vitumbua. Bi Mkubwa akatikisa kichwa: siku hizi hapana. Lakini akasema kwamba wazee wake walitoka kisiwa cha Sapelo, kusini ya Savannah, kisiwa ambacho mpaka leo hakina daraja, hufikiwa kwa chombo. Alipokuwa mtoto, bibi yake alimsimulia kwamba zamani kisiwani humo wanawake wazee waliloweka mchele usiku kucha, wakautwanga kwenye kinu, wakautia sukari, wakafanya vikate na kuwagawia watoto. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvionja. Alilobaki nalo ni jina lake tu.

Mwanangu akamwuliza ni jina gani. Akasema: "Saraka."

Mama watoto akaweka kijiko chini. "Sadaka," akasema. Bi Mkubwa akamtazama, akalirudia lake, "Saraka." Mama watoto akalirudia letu. Hapo mwanangu hakuwa na haja ya kufasiri kitu.

Niliporudi nyumbani nilitafuta habari hiyo, na nikaikuta. Katika miaka ya 1930 watafiti waliwahoji wazee wa pwani ya Georgia, watoto na wajukuu wa waliotumikishwa utumwani, na maneno yao yalichapishwa mwaka 1940 katika kitabu kiitwacho Drums and Shadows. Humo wazee wa Sapelo wanasimulia vikate vya mchele viitwavyo saraka, na wanasimulia juu ya mababu zao waliosali juu ya mkeka na kushika tasbihi. Mashuhuri katika mababu hao ni Bilali Muhammad, mzaliwa wa Timbo katika nchi ya Futa Jallon, ambayo leo ni Guinea. Alichukuliwa utumwani, akaishia katika shamba la kisiwa hicho. Aliacha maandishi ya Kiarabu ya kurasa kumi na tatu, yaliyohifadhiwa leo katika Chuo Kikuu cha Georgia. Kwa muda mrefu watu walidhani ni shajara yake. Wataalamu walipoyasoma waligundua kwamba mengi yametoka katika Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, kitabu cha fiqhi ya Imam Malik. Yanahusu udhu, adhana na sala.

Tafakari, ndugu msomaji. Mtu ametolewa kwao, amevushwa bahari, amenyimwa uhuru wake, naye anakaa kuandika kwa kumbukumbu mlango wa udhu, mlango ule ule ambao watoto wetu huusoma katika Safina. Karne zikapita. Sala ikasahaulika kwa wengi wa kizazi chake, lugha ikapotea, na neno moja likabaki mdomoni mwa bibi wa kanisani: sadaka. Nami nilikuwa nusura niondoke katika meza ile bila kulisikia.

Tuingie katika funzo. Nisieleweke vibaya nikadhaniwa kuwa nasema tusiulize. Kujihadhari na haramu ni ibada, na mwana wetu aliye ng'ambo anayeuliza kilichomo katika chungu afaa kusifiwa. Lakini swali la halali lina wakati wake na lina sauti yake. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alifika kwenye birika la maji pamoja na wenzake, na mmoja wao akataka kumhoji mwenye birika kama wanyama wakali hulinywea. Sayyidna Umar akamwambia mwenye birika asiwajibu. Wanavyuoni wamejifunza hapo kwamba kuna upekuzi usiokuwa katika dini, unaomtaabisha aliyekukirimu bila ya sababu. Ikiwa sababu ipo, kama ilivyokuwa kwangu, basi swali liulizwe. Liulizwe mapema, na aulizwe mwenye kujua, faraghani.

Na usichokila, kiache bila kukitia aibu. Mtume wetu (S.A.W.), kama ilivyopokewa katika Sahihi mbili, hakupata kukitia ila chakula. Akikipenda hukila, asipokipenda hukiacha. Alipoandaliwa nyama ya mburukenge wa jangwani, aliurudisha mkono wake alipoambiwa ni nyama gani. Alipoulizwa kama ni haramu, alijibu kwamba sivyo, ila hakipatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikitaki. Khalid bin Walid (R.A.) akakila pale pale mbele yake. Hapakuwa na kusukuma bakuli, wala hapakuwa na sauti ya mimbari.

Kwa wazazi wenzangu nasema haya. Kwanza, ukialikwa na wakwe wasiokuwa wa dini yako, mwulize mwanao siku kadhaa kabla, nyumbani, mkiwa wawili. Yeye ndiye anayewajua pande zote. Pili, ukifika mezani, dhania kwamba kuna mtu aliyetaabika kwa ajili yako usiyemwona. Aghalabu yupo. Tatu, na hili ndilo zito, tazama vizuri kama swali lako ni la dini au ni la kinyongo. Lau ningekuwa na shaka ya nguruwe peke yake, ningemwuliza mkaza mwana siku ya kwanza aliponiamkia. Lakini palikuwa na shaka nyingine chini yake, ya miaka mitano, na ndiyo iliyopaza ile sauti. Dini ilikuwa kilemba tu.

Na kwa vijana wetu mlio mbali: msichoke kutueleza. Andikeni ile karatasi, kama alivyoandika mkaza mwanangu, na nakala moja mtupe sisi wazazi, tujue wakwe wamekwisha kuarifiwa. Sisi wazee huogopa tusilolijua, na hofu ikizeeka hugeuka ukali.

Tulipomaliza kula, mwenye mkahawa alileta kalamu ya wino usiofutika, kila mmoja akaandika jina nyuma ya sahani yake. Mjukuu wangu alichora duara. Ya kwangu Bi Mkubwa aliniomba aiandike yeye. Aliandika "Mchungaji", akanitazama kuona kama nitakataa. Sikukataa. Sahani zetu nane ziko ukutani Savannah hivi sasa, karibu na saa zisizokubaliana.

Usiku ule mwanangu alinifuata kibarazani. Akaniambia, "Baba, ulipolisukuma bakuli nilidhani ndiyo mara ya mwisho kula pamoja." Nikamwambia kwamba hata mimi nilidhani hivyo. Tukakaa. Kisha nikamwombea dua ile aliyoniomba kwa simu miaka mitano iliyopita, kwa ajili yake na mkewe, nikaitamka neno kwa neno naye akiitikia amina. Walima tutaufanya hapa nyumbani watakapokuja Desemba, inshaallah, nanyi mtaalikwa.

Ndani, mama watoto alikuwa amekwisha kuloweka mchele. Kinu hakikuwepo, wala chuma cha vitumbua. Asubuhi alisaga kwa mashine ya mkaza mwana, wakatia sukari, iliki na tui la kopo, na wakapika kwenye kikaango kidogo, kimoja kimoja. Vya mwanzo viliungua. Ilikuwa Jumapili. Tulimngoja Bi Mkubwa barazani kwake mpaka aliporudi kutoka kanisani na kofia yake ya Jumapili. Mkaza mwana akamfunulia kawa. Bi Mkubwa akakitwaa kitumbua kimoja, akakigeuza mkononi kama alivyoigeuza ile sahani, akauliza kinaitwaje. Mama watoto hakusema vitumbua. Alisema, "Saraka."

Akala viwili. Kilichobaki akawaita watoto wa jirani akawagawia.

Ewe Mola wetu, tulindie ndimi zetu mezani na mimbarini, uwarehemu waliokufa ugenini wakiwa na jina Lako mdomoni, utuunganishe na wana wetu na wake wa wana wetu kabla ya kutenganishwa na mauti. Amina.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.